Sahani ya Baba

Kila jioni mama alimpakulia baba chakula, akakifunika kwa kawa. Baba aliondoka wakati wa masika, na sasa vuli ilikuwa imeingia. Hakuwa amerudi, na kila asubuhi waliokila chakula kile ni kuku.

Binti yao, Siwema, aliyachora hayo daftarini, kisanduku baada ya kisanduku: mama akipakua, mama akifunika, kuku wakidonoa. Jioni moja mama alilikuta daftari mkekani, akalipekua.

"Mbona hujanichora uso?"

"Huwa umenipa mgongo, mama. Unatazama mlango."

Mama aliupa mlango mgongo, akaketi. Akafunua kawa, akaisogeza sahani ya baba katikati yao.

"Haya, tule."

Siwema alishika penseli. Mama alikuwa amemgeukia, na yeye hakujua aanzie wapi kuuchora uso ule.