Nesi Akaketi Jamvini

Surua ilikuwa imeshachukua watoto wawili pale mtaani, na Nesi Mwanahawa alitaka kina mama wakubali chanjo siku hiyo hiyo. Akasimama barazani, akawasomea karatasi yake. Maneno mazuri, lakini nani ayasikilize? Kina mama waliendelea kusuka ukili wa mikeka, macho kwenye vidole.

Basi akaikunja karatasi, akavua viatu, akaketi jamvini katikati yao. Akaokota miyaa, yale majani ya kusukia, akaanza kusuka. Ikamkatikia mkononi.

"Loo! Mikavu hiyo, mwanangu," Bi Zamda akasema. "Huko chuoni hawakukufundisha kuloweka?"

Wakacheka, naye akacheka nao. Bi Zamda akampa miyaa iliyolowekwa, akamshika vidole, akamwongoza.

"Na hiyo sindano yako," Bi Zamda akauliza taratibu, "haimdhuru mtoto?"

"Homa kidogo, bibi, siku moja mbili. Mwanangu nilimchoma kwa mkono huu huu, nikalia kuliko yeye."

Kicheko kikapasuka tena. Halafu ukili mmoja ukawekwa chini, na mwingine, na mwingine. Kina mama wakaanza kufungua kanga migongoni, na vijikono vya watoto vikachomoza juani.