Kitana cha Marehemu Komba

Sheria iliruhusu vitu vya askari waliofia vitani vizungumze kwa sauti za wenyewe, ila matusi yalifutwa kwanza. Mtafiti Haule akakiweka kitana cha marehemu Komba kwenye mashine ya sauti na kuiwasha mbele ya mjane wake, Bi Semfilinge.

"Mke wangu mpendwa," kitana kikasema.

"Huyu nani, mwanangu?" Bibi akafoka. "Komba Mngoni, mimi Mhehe. Sisi watani! Hata siku ya harusi aliniita mla mbwa, nami nikamwita mateka wetu."

Haule akaipiga mashine ngumi. Mwaka mzima aliwasihi wakubwa wasiufute utani. Wakamwambia mashujaa hawatukani.

Bibi akakiinamia kitana. "Mateka we, umenyamaza? Nijibu!"

"Ahsante, mpendwa," kitana kikamjibu kwa heshima zote.