Tone Lisilo na Choo

Mpishi wa shule alishavuka geti, furushi kichwani, mwiko wake mkubwa umechomoza, wanafunzi wakimzomea: "Mama Minyoo! Mama Minyoo!"

Dirisha la maabara ya zahanati lilitazamana na geti hilo. Mpimaji akainamia darubini asimwone. Jibu lake la jana, kwamba choo cha mama yule kina vijidudu, ndilo lililomfukuzisha kazi.

Ili aonekane yuko bize, akadondosha kwenye kioo maji ya chumvi ya kuchanganyia choo, maji matupu bila choo cha mtu. Akatazama.

Vijidudu vilevile vya jana, vyenye mikia, vinakimbizana.

Akaigeukia chupa ya maji hayo. Chupa ile hakuwahi kuiosha. Kila yalipopungua, aliongeza maji juu ya maji.

"Mwanangu," mpishi akachungulia dirishani, "nakwenda zangu. Dawa yako chungu kama nini! Niimalize?"

Mpimaji akainamia tena darubini. "Imalize, mama."

"Haya. Afadhali wewe hukunicheka."

Mpishi akaenda kwa dada yake, akawa anafua nguo za watu. Hakupikia tena watoto. Shule ikapata mpishi mwingine. Mpimaji aliosha chupa siku hiyohiyo, na baadaye akapandishwa cheo.