Vitambaa vya Meza ya Dawa

Nilikuwa nimechoka kusema. Meza tunayochanganyia dawa za saratani ikishafutwa, kitambaa kinatupwa kwenye pipa, kikachomwe. Lakini kila asubuhi pipa nalikuta tupu, na tanuri la hospitali halijawashwa wiki nzima kwa kukosa mafuta ya mazutu.

Tangu nchi jirani zitufungie mipaka, vifaa haviingii, nachana shuka zangu mwenyewe, zile za maua ya kijani, nipate cha kufutia. Halafu mtu ananiibia takataka!

"Mama Houda, nani anachukua vitambaa vyangu? Nimesema vitupwe! Hamusikii?"

Mama Houda, anayetusafishia famasi, aliacha kupiga deki.

"Docteur, usikasirike. Nguo muzuri vile, mu hii vita, mutu anatupa? Mi nafua na maji ya moto. Na sabuni."

Aliinama kuchukua ndoo, nikamwona mtoto mgongoni. Alivaa kofia ya maua ya kijani, imeshonwa vizuri kwa mkono, na kamba yake ilikuwa mdomoni, anainyonya. Doa jekundu la dawa halikuwa limetoka lote.

Vitupwe, nilikuwa nimesema mara mia. Sumu, sikusema hata siku moja.

Niliivuta ile kofia kwa nguvu. Mtoto akaanza kulia.