Ukurasa Ambao Dada Hakuusoma

Kila Jumatatu wanafunzi wa darasa la tano walisoma kwa sauti kifungu cha kazi ya nyumbani. Kila Jumapili msichana mmoja wao alisomewa kifungu hicho na dada yake mpaka akakikariri chote. Hakuna aliyewahi kushtukia.

Leo zamu yake ilipofika, mwalimu alisema, "Hicho mmeshakizoea. Soma ukurasa unaofuata."

Alisimama. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na jasho likailowesha karatasi mpaka maandishi ya upande wa pili yakaonekana.

"Haya binti, tunakusubiri."

Angeweza kusingizia macho. Lakini Jumatatu nyingine ingekuja, na ukurasa mwingine.

"Mwalimu," alisema, "sijui kusoma. Hata neno moja."

Mwalimu aliweka chaki mezani polepole. Msichana alifumba macho, akingoja wenzake waangue kicheko.

Nyuma yake kiti kikaburutwa. Alipogeuka, kiranja wa darasa alikuwa amesimama.

"Mwalimu," alisema kiranja, "na mimi."