Leseni Isiyo na Mtani

Siku hizi mlango wa nyumba humfungulia yule tu aliyeandikwa kwenye mfumo wa mahusiano wa familia. Baba alipofariki leseni yake ilikoma, nikakaa na mama tuchague nyingine. Niliona leseni ndogo ingetutosha: watu kumi na wawili, kila mmoja na aina yake. Ndugu, jirani, daktari. Aina ya mtani ilikuwa kwenye leseni kubwa tu.

"Mzee Pazi, mtani wa baba yako, mwandike ndugu," mama alisema. "Mzaramo na Mnyamwezi si ndugu hao?"

Nikamwandika. Siku ya arobaini ya baba, Mzee Pazi aliingia uani akichechemea kama alivyochechemea marehemu, akapaza sauti. "Nyie Wanyamwezi! Mmemzika mpagazi wangu bila kuniuliza. Mizigo yangu ataibeba nani?"

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Lakini mfumo ulisikia matusi, ukamfuta mzee, mlango wa nyumba ukajifunga kabla hajaufikia. Aliyefutwa haandikwi tena mpaka leseni iishe, mwakani.

Mama akausogelea mlango. "Rudi kwenu, Mzaramo mvivu we! Mnachojua ni ngoma tu!"

"Nitarudi kukurithi, mjane wangu," mzee akajibu kutoka nje, sauti ikimtetemeka.

Simu yangu ikalia. Mfumo uliandika: "Mama ametoa matusi. Tumfute?"

Nikabonyeza hapana. Kisha nikamshika mama mkono, nikamwomba anyamaze.