Kifaa cha Mwalimu Damiano

"Kinachosema sikitaki," Feliciana alisema, akakisukuma kando.

Jane, muuzaji wa duka la simu pale Makambako, alishangaa. Vifaa viwili vya kusomea vitabu vilikuwa juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa na rangi, na ukikibonyeza kilisoma kitabu kwa sauti. Cha pili kilikuwa cheusi na cheupe tu, kioo chake kama karatasi. Hakikusema neno, ila chaji yake ilikaa wiki tatu.

"Mama, umesema ni cha mzee wa miaka themanini na moja. Hiki kitamsomea, yeye asikilize tu."

"Ndiyo maana sikitaki. Sitaki apumzike."

Jane akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Feliciana alikuwa na miaka hamsini na moja, na yadi ya mbao ambamo madereva wa malori waliingia wakiwa wamevua kofia.

"Hicho kimya, herufi zake zinakuzwa?"

"Mpaka ziwe kubwa kama za ubaoni."

"Nifungie hicho. Asije akasingizia macho."

Jane akamsomea maelezo ya kwenye boksi, maana Feliciana alisema miwani ameiacha yadini. Kisha akaweka ndani kitabu alichoagizwa.

"Kimoja tu, mama? Vinaingia maelfu."

"Hicho kinamtosha."

Nje, mumewe Elieza alikuwa kwenye usukani wa pikapu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, na tangu asubuhi alikuwa akimsihi.

"Mama Yusto, mwache yule mzee. Amebakiza siku chache."

"Ndiyo maana nina haraka. Twende."

Njia nzima ya kwenda Njombe Feliciana alitazama misonobari ikipita kwenye ukungu, na moyoni alikuwa na miaka minane.

Siku ya tatu tangu aanze darasa la kwanza, Mwalimu Damiano aliingia, akamnyooshea fimbo. Mke wake alikuwa amejifungua, na Feliciana alikuwa na mgongo mpana. Alifungwa mtoto mgongoni, na darasani hakuketi tena. Alichota maji, alipalilia viazi vya mwalimu, alifua nepi kwenye maji ya baridi mpaka vidole vikapasuka. Siku alipoteleza kisimani na mtoto akachubuka goti, mwalimu alimchapa mstarini mbele ya shule nzima hadi akajikojolea. Watoto walicheka. Mwalimu naye alicheka.

Miaka miwili baadaye mwalimu alimwita baba wa Feliciana, mzee Silvesta. "Huyu ana kichwa kigumu. Mrudishe nyumbani, akue, aolewe."

Baba aliamini. Hakuna aliyemwuliza Feliciana.

Mlango wa nyumba ya Njombe ulifunguliwa na mwanamke aliyevaa suti ya ofisini. "Shikamoo dada. Karibu. Mimi ni Erica."

Feliciana alimtazama. Mgongo wake ulimkumbuka kabla ya macho. "Marahaba. Nakufahamu. Nimekuja kwa baba yako."

Mzee alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa, blanketi mabegani. "Kamwene," alisalimia kwa furaha ya mtu asiyetembelewa.

"Kamwene, mwalimu. Mimi ni Feliciana wa Silvesta."

Furaha ikamtoka usoni. "Erica," alisema, "nenda kaweke chai."

"Abaki," alisema Feliciana. "Naye anahusika."

Akakitoa kifaa kwenye boksi, akakiweka magotini mwa mzee.

"Ni nini hiki? Umeniandikia nini humu?"

"Fungua."

"Mwanangu, nilikuwa kijana. Mambo ya zamani yale. Nilikosea. Mbele ya binti yangu usi..."

"Sikuja kuombwa radhi, mwalimu. Fungua, usome kwa sauti. Nasi tusikie."

Elieza, aliyesimama mlangoni, aliinamisha kichwa. Erica alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, akimtazama baba yake, kisha mgeni, kisha baba yake tena.

Mzee alibonyeza. Kioo kikajaa herufi kubwa, nyeusi. Alivuta pumzi kama mtu anayesubiri hukumu yake, akasogeza uso karibu.

"A," alisoma. "Ba. Be. Bi." Akainua macho, haelewi. "Hiki ni cha darasa la kwanza."

Feliciana akavuta kigoda, akaketi miguuni pake, mikono imekunjwa mapajani.

"Rudia polepole, mwalimu. Na uweke kidole kwenye kila herufi, niione."